Pikapu yangu haiishi gereji: niendelee kuitengeneza au niachane nayo?

“Habari za kazi, mtaalamu. Nina pikapu ya dizeli iliyovuka miaka 20, naitumia kubebea mizigo ya biashara yangu. Kwa mwaka mmoja na nusu sasa hazipiti wiki mbili bila kuipeleka gereji. Ilianza kuchemsha, fundi akabadilisha gasketi ya silinda hedi. Baada ya miezi michache ikachemsha tena, gasketi ikabadilishwa mara ya pili na themostati ikatolewa kabisa ili maji yapite vizuri. Katikati hapo nimenunua alteneta mbili, betri moja na klachi. Sasa kuna mafuta yanadondoka kati ya injini na gia boksi, nikipanda mlima geji ya joto inapanda, na pedali ya breki nikiikanyaga kwenye foleni inashuka taratibu, ila nikipampu inarudi juu. Fundi ananishauri tufunge injini nyingine ya mtumba ili tumalize matatizo yote. Mke wangu anasema niiuze. Mimi naona nikiiuza sasa nitakuwa nimezitupa pesa zote nilizoweka. Nifanyeje?”

Ndugu yangu, pole kwa gharama na kwa usumbufu. Umeeleza mambo mengi, lakini kuna moja umeligusa kwa kupitia tu ambalo kwangu linatangulia mengine yote: hiyo pedali ya breki inayoshuka. Tafadhali usiibebeshe mzigo wala usiitoe barabarani hiyo pikapu mpaka breki zitengenezwe. Mambo ya injini yanaweza kusubiri hesabu na mazungumzo. Hili halisubiri.

Nikueleze kwa nini. Ukikanyaga pedali, fimbo yake inasukuma pistoni ndani ya masta silinda, na pistoni hizo zina raba zinazozuia mafuta ya breki yasirudi nyuma. Raba zikichakaa, au ukuta wa silinda ukichubuliwa na kutu, mafuta yanapenya pembeni ya raba na kurudi kwenye kikopo chake. Hayamwagiki nje, kwa hiyo huoni hata tone chini ya gari, na kiwango kwenye kikopo hakipungui. Ukipampu, raba zinanasa kwa muda na pedali inakuwa ngumu tena, nawe unapata moyo kwamba breki zipo. Lakini kwenye foleni una nafasi ya kupampu. Ukiwa unateremka na mzigo, mtu akikatiza mbele yako, nafasi hiyo huna.

Unaweza kupima mwenyewe gari likiwa limesimama mahali tambarare, magurudumu yamewekewa vizuizi. Kanyaga breki kwa nguvu ya wastani, washa injini, ushikilie kwa nusu dakika. Pedali ikishuka kidogo pale injini inapowaka, hiyo ni kawaida: ni busta, kifaa kinachoongezea mguu wako nguvu kwenye breki, inaanza kukusaidia. Ikiendelea kushuka polepole kuelekea sakafuni, na ukikagua magurudumu na mabomba huoni unyevu popote, basi mtuhumiwa wa kwanza ni masta silinda. Ikibadilishwa, mwambie fundi amwage mafuta yote ya breki ya zamani na kuweka mapya. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita, na maji hayo ndiyo yanayoleta kutu ndani ya silinda na kushusha kiwango cha kuchemka. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi; ikishanyonya unyevu wa kipimo cha majaribio, kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu na mzigo, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama pedali itakuwa ngumu au itazama.

Na kwa kuwa ni pikapu, mwombe aangalie pia vali ya breki za nyuma inayofuata uzito wa mzigo. Pikapu nyingi zinayo: kuna mkono mdogo wa chuma unaounganisha chasi na eksili ya nyuma, body ikishuka kwa mzigo mkono unasogea na vali inaruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda nyuma. Kwenye magari ya umri huu mkono huo mara nyingi umeshika kutu, umefungwa kwa waya, au umekatwa kabisa. Na kama mtu aliongeza majani ya springi ili gari libebe zaidi, sehemu ya nyuma haishuki tena inavyotakiwa, na vali inadhani gari halina mzigo.

Sasa tuje kwenye swali lako. Nalisoma kama maswali mawili yaliyofungwa pamoja: kwa nini matengenezo hayaishi, na je, bado inafaa kuweka pesa humo. Jibu la la pili linategemea la kwanza, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Wengi wakifika ulipofika wanaamua moja kati ya mambo mawili: gari lina mkosi, au fundi anawala. Fundi wa kula watu wapo, sikatai. Lakini hata ungekuwa na fundi mwaminifu kuliko wote, mtindo wa kutengeneza kile tu kilichoharibika leo ungekufikisha hapahapa. Vifaa vya gari havizeeki kwa zamu. Rejeta, mipira ya maji, sili, bushi, nyaya na mabomba ya breki vyote vimekaa miaka 20 pamoja, kwa hiyo kimoja kikiondoka, jirani yake hayuko mbali. Na matengenezo yenyewe yanaweza kumharakisha jirani. Chukua mfuniko wa rejeta. Ukifunga mpya, mfumo wa maji unarudi kwenye shinikizo lake halisi, ambalo kwa magari mengi ni karibu bar 0.9 hadi 1.1 juu ya hewa ya kawaida. Mpira uliochoka, uliokuwa umezoea mfuniko mbovu usioshika shinikizo, unapasuka wiki hiyohiyo. Mwenye gari anasema fundi kaharibu. Kumbe fundi kafanya jambo sahihi, ila hakugusa vilivyobaki kwenye mfumo uleule.

Ndiyo maana kwa gari la umri huu mimi napendelea kutengeneza kwa mfumo: ukiamua kugusa mfumo wa maji, unaumaliza wote kwa mara moja, kisha unauacha kwa miaka. Inauma mfukoni siku hiyo, lakini unalipa ufundi mara moja badala ya mara nne.

Turudi kwenye injini yako. Hapo ndipo pesa zako nyingi zilikoenda, na ndipo ninapoona kosa lililojirudia.

Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wake), ni nadra kuungua yenyewe. Inaungua kwa sababu injini ilichemsha. Hedi nyingi ni za aluminiamu na bloku ni chuma cha kutupwa, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho kwa joto lilelile. Joto likipita kiasi, hedi inataka kutanuka, boliti zinaishikilia, matokeo yake inapinda. Ikipoa hairudi kuwa tambarare. Ukiweka gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda, au ukarudisha gari barabarani na kile kilichosababisha kuchemsha bado kipo, umenunua miezi michache tu. Na ndivyo ilivyokuwa kwako.

Kwa hiyo muulize fundi wako, kwa heshima kabisa, maswali haya kuhusu ile kazi ya pili. Je, hedi iliwekewa rula ya chuma iliyonyooka na kupimwa kwa filer geji, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi? Kiwango kinachoruhusiwa kimo kwenye kitabu cha injini husika, na kwa injini nyingi hakizidi sehemu ya kumi ya milimita. Je, ilipimwa kwa shinikizo kama ina ufa? Hedi za dizeli zilizochemsha hupasuka mara nyingi katikati ya vali, na ufa wa namna hiyo hujifunga injini ikiwa baridi na kufunguka ikipata moto. Je, boliti zilikuwa mpya? Injini nyingi zina boliti zinazovutika zinapokazwa, na zikishavutika hazirudiwi. Na gasketi yenyewe ilichaguliwa unene gani? Hili watu wengi hawalijui: kwa dizeli nyingi gasketi za injini ileile hutengenezwa kwa unene tofauti, na alama zake ni vijino au vitundu vidogo kwenye ukingo wa gasketi. Fundi anapima pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku, ndipo anachagua. Ukichukua yoyote iliyopo dukani, ikiwa nene mno injini inakuwa ngumu kuwaka na inatoa moshi. Ikiwa nyembamba mno pistoni inaweza kugonga.

Fundi aliyeifanya kazi hiyo kwa utaratibu atakujibu bila kusita, pengine atakuonyesha karatasi ya mahali hedi ilipochongwa. Akikosa jibu kwa yote manne, umeshajua kwa nini gasketi ya pili haikudumu.

Halafu hiyo themostati. Ni imani iliyoenea sana kwamba ukiitoa, injini itapoa zaidi. Kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto la kufanyia kazi, kisha kufunguka. Bila hiyo, kwenye barabara tambarare injini inafanya kazi ikiwa baridi mno: dizeli haiungui vizuri, matumizi yanapanda, na mafuta ya injini yanachafuka mapema. Lakini kwenye mlima mambo yanageuka. Kwenye injini nyingi themostati ina sahani ya pili inayoziba njia ya mkato ya maji inapofunguka. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta kabisa. Unapohitaji kupozwa zaidi ndipo unapopozwa kidogo. Sishangai kwamba geji yako inapanda kila ukipanda mlima. Irudishwe, tena mpya ya kiwango sahihi cha joto.

Kama ikirudishwa na joto bado linapanda, tafuteni sababu kwa kupima, siyo kwa kubadilisha kifaa baada ya kifaa. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, zungusha feni kwa mkono. Kama ni ile yenye klachi ya mafuta ya silikoni, inatakiwa iwe na ukinzani. Ikizunguka bure raundi kadhaa, imekwisha, na kwenye mlima wa mwendo mdogo feni hiyo ndiyo tegemeo lako. Angalia kama kava la plastiki linalozunguka feni lipo. Kwenye pikapu za zamani huwa limetolewa siku moja wakati wa kufungua kitu, likaachwa kwenye kona ya gereji. Bila kava, feni inavuta hewa kutoka pembeni badala ya kuivuta kupitia kwenye rejeta. Rejeta nayo ipimwe kwa kipimajoto cha kulenga, injini ikiwa ya moto: sehemu zilizoziba zinaonekana kwa kuwa baridi kuliko jirani zake. Na kuna kipimo cha dawa ya bluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Gesi ya mwako ikiwa inaingia kwenye maji, dawa inageuka kuwa kijani au njano. Kipimo hiki ni cha dakika chache na bei yake ni sehemu ndogo sana ya kufungua hedi. Kingefanywa mwanzo, mngejua mapema mnapambana na nini.

Mfumo ukishakaa sawa, weka kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa na maji safi nusu kwa nusu. Maji matupu ya bomba ndiyo yanayojenga magamba na kutu ndani ya rejeta na bloku. Na kamwe usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto. Chini ya shinikizo la bar 1 maji hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 120; ukifungua, shinikizo linaondoka ghafla na maji hayo yanalipuka kuwa mvuke usoni mwako.

Alteneta mbili kwa mwaka mmoja na nusu nazo zinaniambia kitu. Dizeli nyingi za zamani zina pampu ya vakyumu iliyofungwa mgongoni mwa alteneta, inayolainishwa na mafuta ya injini. Pampu hiyo ndiyo inayoendesha busta ya breki, kwa sababu injini ya dizeli haitengenezi vakyumu ya kutosha yenyewe. Sili yake ikichoka, mafuta yanaingia ndani ya alteneta na kuiua, hata iwe mpya kiasi gani. Fungua uangalie: ukikuta ndani kumelowa mafuta, umepata jibu. Kama ni kavu, mtuhumiwa wa pili ni waya wa athi, ule unaounganisha injini na hasi ya betri. Kila hedi inapofunguliwa kuna waya unaotolewa, na si kila mara unarudishwa au unakazwa kwenye chuma kisafi. Chukua mita ya umeme, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, athi ni mbovu. Injini ikiwaka, betri yenyewe isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Betri nzima iliyojaa, gari likisimama usiku kucha, isome karibu 12.6. Namba hizi tatu zingeweza kukuokolea alteneta moja.

Mafuta yanayodondoka kati ya injini na gia boksi usiyakimbilie kuyaita sili ya nyuma ya krankshafti. Mara nyingi yanatoka juu, kwenye gasketi ya kava la vali, yanateremka nyuma ya injini na kudondokea hapohapo. Isafishwe injini, iendeshwe siku moja, kisha imulikwe kwa tochi kutoka juu kwenda chini. Kama kweli ni sili, kabla ya kuibadilisha kagua bomba la kupumulia la injini. Likiziba, shinikizo ndani ya injini linasukuma mafuta nje kupitia sili yoyote dhaifu, na mpya itavuja vilevile. Nasikitika kwamba klachi ilibadilishwa juzi tu, maana gia boksi ilikuwa chini na sili hiyo ilikuwa inaonekana wazi. Ufundi ungekuwa mmoja. Siku nyingine gia boksi ikishuka kwa sababu yoyote, kagua pamoja klachi, beringi yake, sili ya nyuma na uso wa flaiwili.

Sasa injini ya mtumba. Simlaumu fundi wako kwa kuipendekeza. Akishachoka na injini, kuifunga nyingine ndiyo njia anayoiona fupi. Lakini jiulize ni tatizo lipi kati ya uliyotaja ambalo injini hiyo italiondoa. Breki hazimo. Rejeta, feni na nyaya zitabaki zilezile, na mfumo wa maji ulioua gasketi mbili utaipokea injini mpya kwa namna ileile. Injini ya mtumba pia inakuja bila historia: hujui iliwahi kuchemsha mara ngapi. Kwangu pendekezo hilo linakuwa na maana baada ya kipimo kimoja ambacho hujakitaja, cha kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyoibana hewa. Kila silinda ipimwe, namba ziandikwe. Zikiwa ndani ya kiwango cha kitabu na hazipishani sana, injini yako ya chini ni nzima na huna sababu ya kuitupa. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, au zote zikiwa zimeshuka, na ukifungua mfuniko wa mafuta injini ikiwaka unaona moshi unapumua kwa nguvu, basi ringi zimekwisha na mazungumzo ya ovahoo au injini nyingine ni halali.

Ikifikia huko, usinunue injini uliyoiona imelala sakafuni tu. Iwashwe uisikie au ipimwe kompresheni, sampu (bakuli la mafuta chini ya injini) ifunguliwe kutazama kama kuna vumbi la chuma, na kabla haijafungwa wekeni sili mpya, pampu ya maji mpya, na mkanda wa taimingi kama ni ya mkanda. Katika nchi nyingi namba ya injini imo kwenye usajili, kwa hiyo uliza mamlaka inayohusika kabla, usije ukakwama siku ya ukaguzi au ya kuuza.

Hata hivyo, kuna swali moja linaloamua hatima ya pikapu kuliko injini: chasi. Injini inabadilishwa, gia boksi inabadilishwa, hata kabini. Chasi iliyooza ndiyo mwisho wa gari la mizigo. Inamisha kichwa chini ya gari pamoja na mtu anayejua, mkiwa na nyundo ndogo na bisibisi ya bapa. Gongeni chasi kuanzia nyuma ya kabini, pale body inapoanzia, mpaka juu ya eksili ya nyuma na kwenye mashikio ya springi; huko ndiko tope hukaa na ndiko uzito unakobana. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali. Kilichooza kinatoa sauti nzito, na bisibisi inazama. Kutu ya juu juu isikutishe, inakwanguliwa na kupakwa rangi. Matundu kwenye mashikio ya springi, ufa unaotambaa kutoka kwenye tundu la boliti, au bati lililochomelewa juu ya kutu ili kuificha ni habari nyingine kabisa. Hapo mimi ningekushauri usiweke pesa nyingine yoyote kwenye injini.

Ukiwa hapo chini, soma pia umri wa matairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mengi linaweza kuwa limeshazeeka.

Na sasa pesa. Unasema ukiiuza utakuwa umezitupa ulizoweka. Naelewa uchungu huo, lakini fikiri hivi: pesa hizo zimeshatoka. Ukiuza hazirudi, ukibaki na pikapu hazirudi. Zisiingie kwenye hesabu ya uamuzi huu kwa upande wowote. Kinachohesabika ni cha mbele tu: kuanzia leo, kwa miezi 12 ijayo, itanigharimu kiasi gani kusafirisha mizigo yangu kwa pikapu hii, na kiasi gani kwa njia nyingine?

Kuna kanuni watu wanaipenda, kwamba matengenezo yakizidi nusu ya thamani ya gari, uza. Siiamini. Inalinganisha vitu visivyohusiana. Bei ambayo mtu angekupa kwa pikapu hii haikuambii itakugharimu nini kupata nyingine ya kufanya kazi ileile. Linganisha gharama ya kuitengeneza kwa mfumo mzima na gharama ya mbadala wa kweli: kununua nyingine, au kukodi gari kila ukiwa na mzigo. Kama ni kununua ya mtumba, ongeza matengenezo ya mwaka wa kwanza, maana nayo itadai mafuta, mikanda, breki na matairi, na siri zake hujazijua. Za hii yako umeshazijua karibu zote. Upande wa pikapu yako nao uwe mkweli: hesabu siku ilizolala gereji, wateja waliokwenda kwingine, na magari uliyokodi kufidia. Hizo ni gharama ingawa hakuna risiti ya fundi.

Kabla ya kuanza chochote, andika kikomo. Kiasi ambacho kikifika, unaacha, hata kama limebaki jambo dogo. Kiandike kabla gari halijafunguliwa, kwa sababu likishafunguliwa na vifaa vimetapakaa sakafuni, kila nyongeza inaonekana ndogo. Mkeo anayesema uiuze simchukulii kama anayekukatisha tamaa. Anaona pesa zinatoka na haoni mwisho, na ana haki ya kuuliza mwisho uko wapi. Kaa naye, muipange hesabu hiyo pamoja.

Msimamo wangu kwa maelezo uliyonipa ni huu. Usifunge injini nyingine sasa. Tengeneza breki kwanza, kwa hali yoyote, hata kama nia yako ni kuuza. Kisha tafuta fundi mwingine, asiye na matarajio ya kupata kazi yenyewe, umlipe kwa ukaguzi peke yake: chasi, kompresheni, kipimo cha gesi kwenye maji, chaji na athi, steringi na bolijointi. Akupe matokeo kwa maandishi, namba zikiwemo. Kama breki bado hazijatengenezwa, gari lipelekwe kwa kuvutwa au fundi aje ulipo.

Chasi ikiwa nzima na kompresheni nzuri, ningebaki nayo. Ningemaliza mfumo wa maji wote kwa pamoja: rejeta isafishwe au ibadilishwe, mipira yote, pampu, themostati, mfuniko, feni na kava lake. Hedi ingefunguliwa pale tu vipimo vitakapodai. Mvujo wa mafuta na alteneta vingefuata. Bushi, viti na rangi vingesubiri. Chasi ikiwa nzima lakini injini imechoka, fanya hesabu ya miezi 12 kwa uangalifu, maana hapo inaweza kuangukia upande wowote. Chasi ikiwa imeoza, uza, au iuze kama spea, ambapo mara nyingi gia boksi, difu na milango huleta zaidi ya gari zima. Ukiiuza kama gari zima, mwambie mnunuzi kila unachokijua, hasa cha breki. Kuna mtu ataiendesha.

Vilevile, punguza mzigo kufuata kile kilichoandikwa kwenye kibati cha uzito cha gari, kwa kawaida kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti. Majani ya springi ya ziada yanainua body tu. Eksili, breki, klachi na mfumo wa kupoza vimebaki na uwezo uleule wa kiwandani, tena ukiwa umepungua kwa miaka 20. Kuchemsha mlimani na klachi kuisha mapema vinaweza kuwa vinatokana na hapo pia, na hilo halina spea ya kununua.

Wakati huo wote, ukiona taa ya presha ya mafuta imewaka, geji ya joto imeingia kwenye nyekundu, steringi ina mchezo usiokuwepo jana, au unanusa dizeli ndani ya kabini, simama pembeni na uzime palepale. Usiseme utafika. Ukishapata matokeo ya ukaguzi, niandikie namba za kompresheni za kila silinda na alichokikuta fundi kwenye chasi, tuone kama uamuzi unabadilika.